Mjane kapimwa taifodi, mgonjwa kakosa sindano

Mhariri,

Wiki 2 zilizopita ulichapa barua ya msomaji wa Bagamoyo aliyesema dawa za hospitali za ugonjwa wa akili ni biashara ya Wazungu, na kwamba kila anayezimeza anawanenepesha wenye viwanda, bora avitupe vidonge. Barua ile haikuishia gazetini. Hapa kwetu Makorora, Tanga, ilisomwa kwa sauti barazani baada ya magharibi, na msomaji alikuwa ami yake kijana mmoja mgonjwa wa akili, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alipofika pale pa kuvitupa vidonge akaparudia, akakunja gazeti, akamgeukia shemeji yake, mama wa kijana, aliyekuwa kasimama mlangoni: "Si unasikia?" Juma lile lile kijana alikuwa na tarehe ya sindano yake ya ugonjwa huo. Hakupelekwa.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mimi ni muuguzi mstaafu, miaka 31 kazini, 9 kati ya hiyo wodi ya wagonjwa wa akili. Tena ni mjane tangu Februari mwaka huu. Dawa hizi nimezigawa kwa mkono wangu, na mwaka huu nimezimeza. Msomaji wa Bagamoyo ana nusu ya haki, na nusu hiyo nitampa kwanza kwa kuwa inanihusu mwenyewe.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa mkonge. Alianzia korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge yabaki nyuzi, baadaye akahamishiwa chumba cha brashi, kule nyuzi zinakopigwa vumbi likatanda hata humwoni mwenzako. Alitoka na kikohozi. Kwa miaka 40 nimeamshwa na kikohozi kile kabla ya adhana: vitatu vifupi, kimya kidogo, halafu kimoja kirefu cha kumalizia. Alipofariki, kikohozi hakikwenda naye. Kila alfajiri nikawa nakisikia vile vile, upande wake wa kitanda. Sikuogopa hata siku moja. Nilikuwa nakisikia, naamka, natawadha.

Usingizi ulikuwa haba na chakula hakipiti, hilo sifichi. Kulikuwa na mchuuzi wa samaki kutoka Deep Sea ambaye marehemu alikuwa mteja wake wa kila jioni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia asipite tena, basi akawa anapita na changu wake, nami nanunua, nakaanga, namwekea paka. Wiki ya 3 mwanangu mkubwa akaja kutoka Dar es Salaam. Akaona paka alivyonenepa na mama yake alivyokonda, akasema: "Mama, unaumwa." Nikamwambia nimefiwa. Akasema yote mawili yanawezekana, na kwa hilo hakukosea. Kwa matibabu mwenye eda anaruhusiwa kutoka, basi tukachukua bajaji hadi kliniki moja ya binafsi ambayo sitaitaja, kwa sababu nimeambiwa na wenzangu kwamba ningekwenda nyingine mambo yangekuwa yale yale.

Mapokezi nilipewa fomu ya maswali 9. Katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo, umekosa usingizi, umechoka, umeshindwa kula, umeshindwa kutuliza akili kwenye jambo moja? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Nikapata 19 kati ya 27. Katika maswali yale yote hakuna lililouliza kama nimefiwa, na mimi nimekaa mbele yao sina wanja, sina hina, sina hata hereni.

Fomu ile naijua. Ilitungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 na kina Robert Spitzer, kwa fedha za kampuni ya Pfizer, ambayo wakati huo ilikuwa ikiuza Zoloft, dawa ya sonona, yaani huzuni iliyozidi ikawa ugonjwa. Sisemi kwa hiyo haifai. Inatumika bure, na muuguzi aliye peke yake zahanati ya shamba itamsaidia asisahau kuuliza la kujiua, ambalo wengi wetu tunaona haya kuliuliza. Ila ile ni kipimajoto. Itakwambia mtu ana joto, haitakwambia kama ni malaria au katoka juani.

Daktari alikuwa kijana mpole, macho kwenye kompyuta. Akaniuliza: "Mama, huwa unasikia sauti za watu ambao hawapo?" Nilijua swali linaelekea wapi, maana nimelisikia likiulizwa mara mia. Lakini nikajibu kama nilivyolelewa: "Namsikia mume wangu akikohoa." Akaandika. Hakuuliza anakohoa vipi, wala lini, wala kama naogopa. Angeuliza ningemweleza korona, brashi na ile miaka 40, na nadhani angeweka kalamu chini. Dakika 10 hazikutimia. Najua kwa sababu nilikuwa naitazama saa ya ukutani, saa iliyochapwa jina la dawa, sawasawa na zile ambazo vijana wa mauzo walikuwa wakituletea wodini pamoja na kalamu na kalenda za mwaka mpya.

Nikapelekwa maabara: wingi wa damu, malaria, taifodi. Taifodi, mhariri, kwa mtu aliyefiwa. Kisha dirisha la dawa, ambalo liko mle mle na kapu lake ni moja. Amitriptilini ya sonona usiku, diazepamu ya kutuliza asubuhi na usiku, risperidoni kwa ajili ya "zile sauti", na vitamini za kusindikiza. Kumwona daktari ilikuwa shilingi 30,000, vipimo 58,000, dawa 96,000. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Maongezi yanalipiwa mara moja, yawe ya dakika 10 au ya saa nzima, lakini vipimo na vidonge vinahesabiwa kimoja kimoja. Simlaumu sana yule kijana. Angekaa nami saa nzima, mwenye kliniki angemuuliza siku ile kaingiza nini.

Mtaniuliza mbona nilimeza na mimi muuguzi. Mfiwa hana ubishi. Ukimwambia kaa, anakaa. Mdomo ukakauka kama niko katikati ya mwezi wa Ramadhani, kichwa kikawa mtungi uliojaa. Siku ya arobaini nyumba ilijaa watu. Ubani ukafukizwa, juzuu zikagawiwa, nikapewa yangu nikaegemea ukuta. Niliposhtuliwa na wifi yangu, masufuria ya pilau yalikuwa yameshaoshwa yamefudikizwa uani. Juzuu ilikuwa mapajani, ukurasa ule ule wa kwanza. Hitima ya mume wangu ilisomwa mimi nimelala, na hilo mpaka leo sijalimeza.

Alfajiri yake nikaamka, kimya. Kikohozi hakipo. Dawa ilikuwa imefanya kazi, siwezi kukanusha. Nikakaa kitandani nikalia kilio ambacho sikulia hata siku jeneza lilipotoka.

Eda ni ndefu na simu ninayo, basi nikasoma. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kina kitabu chao cha kutambulia magonjwa, na hata huku wapo wanaokiangalia. Katika toleo la mwaka 1994 mfiwa alipewa miezi 2 ya kuhuzunika kabla huzuni yake haijaanza kuhesabiwa ugonjwa, isipokuwa kama kuna dalili nzito. Toleo la mwaka 2013 likaufuta msamaha huo. Ukiwa na dalili za kutosha kwa wiki 2, mume wako akiwa kaburini hata mwezi haujaisha, unaweza kuandikiwa sonona. Daktari Allen Frances, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa toleo lile la 1994, alipinga hadharani, kwamba huzuni ya kawaida inageuzwa ugonjwa na wenye kuuza vidonge wanafunguliwa mlango. Wenzake walijibu kuwa na mfiwa naye anaweza kushikwa na sonona ya kweli, naye asiachwe afe kwa sababu tu anayo sababu ya kulia. Nimeona wote wawili. Niliwahi kumpokea mjane aliyegoma kula mpaka akawa hawezi kusimama, na bila dawa tungemzika. Lakini sisi Waislamu tuna eda ya miezi 4 na siku 10, ina taratibu zake na watu wake wa kuja kukaa nawe, na yule daktari wangu aliipita kama mtu anavyopita duka lililofungwa.

Sasa nusu ya haki ya Bagamoyo. Januari 2009 kampuni ya Eli Lilly ilikiri kosa Marekani na ikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 1.4 kwa sababu ya dawa yake ya Zyprexa. Dawa ile iliidhinishwa kwa wagonjwa wenye maradhi mazito ya akili, lakini wauzaji wao walikuwa wakiipigia debe kwenye nyumba za kutunzia wazee, ipewe wazee wenye kusahau. Walikuwa na msemo wao: 5 saa 11, yaani miligramu 5 saa 11 jioni, wazee walale mapema, wahudumu wapumzike. Mwaka 2013 Johnson & Johnson nao wakakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 katika kesi iliyogusa Risperdal na dawa nyingine, na humo pia walikuwamo wazee. Risperdal ndiyo hiyo risperidoni yangu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba biashara haimo.

Msemo ule wa saa 11 jioni ulinikaa kooni kwa sababu nyingine, na hapa lazima nijitaje. Wodi yangu usiku ilikuwa na wagonjwa 40, muuguzi 1 na mhudumu 1. Saa 12 jioni nilikuwa nazunguka na sinia la dawa, na yule niliyejua atasumbua nilimzidishia kidogo klopromazini, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili. Hakuna kampuni iliyonituma wala senti niliyopata. Nilitaka tu wodi ilale, maana mtu akichachamaa saa 8 usiku ningemshika na nani? Asubuhi wanaamka ndimi nzito, mikono inatetemeka, na dawa ya kuzuia mtetemeko ikiwa imekwisha hatuna la kuwapa. Ndugu wakija wanasema hospitali imemharibu mtoto wetu. Walikuwa wanaona kweli.

Nikiwa mwanafunzi tulipelekwa Lutindi, kule juu milima ya Usambara upande wa Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walipajenga mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye pakawa pa wagonjwa wa akili. Nilikuta wagonjwa wamo kwenye chai, wengine karakana. Dawa walikuwa wanakunywa, tena kwa saa. Lakini jioni walilala kwa kuchoka kama mimi na wewe tunavyochoka. Nimewaza sana Lutindi mwaka huu.

Basi ndugu yangu wa Bagamoyo, nusu yako nimekupa na chenji juu. Sasa njoo huku ukuta wa pili.

Kijana wa jirani yangu ana miaka 24. Sauti anazosikia hazikohoi, zinaamrisha. Zilipoanza zilimwambia maji ya kisima yametiwa sumu, akakaa siku 3 hajanywa, midomo imepasuka. Wakampeleka kwa mganga huko bara ya Muheza. Alikaa huko miezi 5, na siku aliyorudishwa alama ya mnyororo ilikuwa bado iko mguuni. Mama yake alikuwa ameuza cherehani, mbuzi 2 na kitanda. Biashara hiyo mbona haikuandikwa katika barua yako? Cherehani ni cherehani, aliyechukua awe amevaa koti jeupe au kaniki.

Alipoanza sindano ya kila wiki 4 ilichukua kama miezi 2, lakini nilimwona akirudi. Akaanza kumchotea mama yake maji, kisima kile kile. Akawa anachukua sahani za vitumbua asubuhi anazipanga mezani, na ukikosea chenji anakurudisha. Aliongezeka uzito, na mkono mmoja hutetemeka kidogo. Sisemi dawa ile ni asali.

Sasa angalia faida inavyofanya kazi yake. Klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Haloperidoli ikafuata mwaka 1958. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu ya kwanza iliyotolewa mwaka 1977. Haki za wagunduzi zilikwisha zamani, anayetaka kutengeneza anatengeneza, na sindano ya kijana wetu ni ya ukoo huo huo wa dawa kongwe. Saa ya ukutani yenye jina lake hutaiona. Hakuna kijana wa mauzo atakayepanda basi kuja Tanga kuisifu. Na ikiisha stoo hakuna anayepoteza usingizi isipokuwa mama mmoja muuza vitumbua. Mwaka huu mara 3 ameambiwa dirishani akanunue nje. Nje, sindano pamoja na nauli ni mauzo yake ya siku 4. Mara 2 nimemwazima, mara 1 hakuniambia kwa aibu.

Mimi niliyekuwa na mwana mwenye kazi Dar es Salaam nilipewa dawa 3 nisizokuwa na haja nazo, kwa siku moja, bila foleni. Yeye mwenye haja na 1 anaambiwa haipo. Tukisema "dawa za akili zimezidi" tunamsahau yeye, na tukisema "dawa hazitoshi" mwenye kliniki anashangilia. Mimi nataka yasemwe yote mawili kwa pumzi moja.

Na ninayo ya kudai, kwa kuwa barua bila dai ni soga. Mwenye kuandika dawa ya akili asiwe ndiye mwenye dirisha la kuiuza; wakaguzi waanzie hapo. Sindano za wagonjwa wa kudumu zihesabiwe kwa majina ya waliomo daftarini, maana tarehe zao zinajulikana mwezi mzima kabla, na hakuna sababu ya mtu kushtuka kwamba Alhamisi imefika. Tena wafiwa, walioachika, wasiolala kwa madeni, wapate mtu wa kukaa nao kabla ya kidonge. Zimbabwe walishaanza. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi 14 huko Harare, wakawekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati, wakawa wanawasikiliza watu wenye ugonjwa ambao Kishona wanauita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha waliokaa kwenye mabenchi yale dalili zao zilipungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi, mhariri! Tanga nzima ina mabaraza ya saruji yamekaliwa na wacheza bao. (Si kila mtu anafaa kukalia, nakubali. Katika eda yangu kuna mama mmoja alikuja kunifariji akanieleza vifo vya jamaa zake 6 kwa mpangilio.)

Mimi dawa zile niliziacha, lakini msinifuate. Nilimpigia daktari wa zamani niliyefanya naye kazi, akanipangia. Diazepamu nilipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa sababu ukiikata ghafla mwili unadai deni lake. Wifi yangu akahamia chumbani kwangu na mkeka wake, akawa anakoroma, nami nikawa nalala. Kikohozi kilirudi baada ya muda, mara moja moja, safari hii kwa mbali kama cha mtu aliye uani.

Kijana si mzima sana. Tangu sindano impite ameanza kuziba tundu za dirisha kwa karatasi, na juzi alimwuliza mama yake maji ameyatoa wapi. Nimekwenda kumwona ami yake, kwa heshima zote, nikamwomba lile gazeti, akanipa. Tarehe mpya ni Alhamisi hii. Nimeshaongea na mwenye bajaji, atatupitia saa 1 asubuhi, na pesa ya sindano iko kwenye pochi endapo dirishani watatuambia tukanunue nje.

Muuguzi mstaafu,
Makorora, Tanga